Picha ya MRI ya Bega: Tuielewe Kabla ya Kuuza Mbuzi



Katika matembezi yetu vijijini tumekuta jambo moja likirudiwa mara kwa mara. Mwanachama anaumwa na bega. Anachuliwa na dawa, haponi. Anaenda hospitali, anaambiwa apigwe picha ya MRI. Hapo kikundi kinakaa chini na kuulizana: tutoe pesa za meri-go-raundi? Tuuze mbuzi? Tuitishe harambee? Na picha ikishapigwa, inarudi na karatasi ya Kiingereza kigumu, hata mwalimu wa shule anakuna kichwa.

Makala haya hayatamfanya mtu awe daktari. Tunataka tu, siku karatasi hiyo itakapofika mezani kwenu, mjue maswali ya kuuliza. Tutaanza na visa viwili ambavyo tuliviona wenyewe.

Visa viwili

Mama mmoja wa miaka 58, mkulima, alianza kuumwa na bega la kulia pole pole. Hakuanguka, hakugongwa. Kikundi chake kikauza mbuzi wawili, akapelekwa mjini, akapigwa MRI. Karatasi ikasema kano moja la bega limechanika nusu. Lo! Neno hilo likamtisha. Akafunga mkono kwa leso miezi minne, hata kikombe cha chai hakuinua. Mwishowe bega likakauka kabisa, akawa hawezi kuchana nywele wala kufunga kitambaa kichwani. Alipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliambiwa: "Mama, kilichokuumiza zaidi si kule kuchanika. Ni kule kuufunga mkono."

Kisa cha pili ni cha baba mmoja wa miaka 46, fundi wa mjengo. Alianguka kutoka kwenye jukwaa akatua kwa bega. Tangu siku ile mkono haukupanda. Akapigwa eksirei, mfupa ukaonekana mzima, akaambiwa aende nyumbani atapona. Akachuliwa mwaka mmoja na nusu. Pesa kikundi kilikuwa nazo, lakini kila mtu aliamini kwamba mfupa usipovunjika hakuna shida kubwa. MRI ilipopigwa hatimaye, kano lilikuwa limekatika kabisa, limerudi nyuma, na msuli wake umegeuka mafuta. Daktari wa mifupa akasema wakati wa kushona umepita.

Basi mnaona. Mmoja alipigwa picha iliyoweza kungoja, tena hakuelezwa maana yake. Mwingine alihitaji picha mapema, akacheleweshwa. Pesa zilipotea kwa huyu, na mkono ukapotea kwa yule. Yote mawili yangeweza kuepukwa.

Bega limejengwa namna gani?

Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama mpira. Kinakaa kwenye kisahani kilicho pembeni mwa kombe la bega, yaani ule mfupa mpana wa mgongoni. Kisahani hiki ni kidogo na hakina kina. Ndiyo sababu bega linazunguka kila upande kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo sababu pia ni rahisi kuteguka.

Ni nini basi kinachozuia mpira usianguke? Kuna vitu viwili tunavyotaka mvikumbuke.

Cha kwanza ni ngata. Kina mama mnajua, ukijitwika mtungi wa maji unaweka ngata kichwani ili mtungi usiteleze. Ukingoni mwa kile kisahani cha bega pia kuna ngata, imetengenezwa kwa kitu kigumu kinachopindika, jamii ya gegedu. Madaktari huiita labramu. Inaongeza kina cha kisahani na kuushika mpira.

Cha pili ni makano manne. Kano ni ile kamba nyeupe na ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Ukichinja kuku unaiona mguuni. Misuli minne inatoka kwenye kombe la bega, na makano yake yanakishika kichwa cha mfupa wa mkono mbele, juu na nyuma, kama kamba zinavyoshika hema. Majina yake ya hospitali ni supraspinatasi (juu), infraspinatasi na teresi maina (nyuma), na subskapularisi (mbele). Lile la juu, supraspinatasi, ndilo linaloumia zaidi. Lenyewe linapita kwenye njia nyembamba chini ya mfupa wa paa la bega, na linafanya kazi kila unapoinua mkono.

Kuna kano la tano, la msuli wa mbele ya mkono, ule vijana wanaopenda kuutunisha. Ncha yake moja inapanda hadi ndani ya bega na kushikana na ngata upande wa juu. Kwa hivyo ngata na kano hilo mara nyingi huumia pamoja.

MRI ni mashine gani?

Eksirei inaonyesha mifupa vizuri, lakini kano na ngata haionyeshi. Ndiyo maana yule fundi aliambiwa yuko sawa. Eksirei haikusema uongo. Iliulizwa swali ambalo haiwezi kujibu.

MRI haitumii miale ya eksirei. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Mwili wetu umejaa maji na mafuta, na ndani yake mna haidrojeni. Sumaku inazipanga chembe za haidrojeni, mawimbi ya redio yanazisukuma, kisha zikirudi mahali pake zinatoa mawimbi madogo ambayo mashine inayapokea na kuyageuza picha. Paul Lauterbur wa Marekani alionyesha njia ya kupata picha namna hii mwaka 1973, na Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Sumaku za mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya Tesla 1.5, nyingine 3. Hata ile ya 1.5 ina nguvu zaidi ya mara 20,000 kuliko sumaku ya dunia inayogeuza dira. Kwa sababu hiyo chuma ni hatari ndani ya chumba hicho. Mtungi wa oksijeni unaweza kuruka kama risasi.

Kabla ya kuingia, mgonjwa aseme wazi kama:

– ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au chuma chochote alichowekwa mwilini, hata kama ni cha zamani;
– amewahi kupigwa risasi, au kuna kipande cha chuma kilichobaki mwilini;
– amewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kutumia grainda. Hili mafundi wa jua kali walisikie vizuri. Cheche ya chuma ikiwa imebaki ndani ya jicho, sumaku inaweza kuisogeza na kuharibu jicho. Hupigwa eksirei ya macho kwanza;
– ni mjamzito.

Plati na skrubu za mifupa mara nyingi hazizuii, lakini ni lazima zitajwe. Mashine yenyewe haiumizi. Unalala ndani ya kitu kama bomba, unasikia kelele nyingi, unakaa bila kutikisika kama nusu saa hivi. Ukitikisika, picha inaharibika, na pesa ni zile zile. Mtu anayeogopa mahali pa kubana aseme mapema.

Picha inasomwaje?

Mashine haipigi picha moja. Inalikata bega vipande vyembamba kama mkate, bila kisu. Inakata kwa njia tatu. Ya kwanza ni kama unayemtazama mtu kutoka mbele. Hapa kano la juu linaonekana kwa urefu wake. Ya pili ni kama unayemtazama kutoka ubavuni. Hapa tunaona unene wa misuli. Ya tatu ni kama unayetazama kutoka juu kwenda chini. Hapa tunaona ngata ya mbele na ya nyuma, na kano la mbele. Msoma picha mzuri haamini kitu alichokiona kwenye kipande kimoja tu. Anakitafuta kwenye njia ya pili pia.

Picha ni za rangi nyeusi, nyeupe na kijivu. Kuna aina mbili kubwa. Aina moja, inayoitwa T1, inaonyesha mafuta yakiwa meupe. Aina nyingine, T2, huonyesha maji yakiwa meupe, na mara nyingi mafuta hufifishwa ili maji yaonekane wazi. Sasa shikeni jambo hili moja: kano zima ni jeusi, na ngata nzima ni nyeusi, kwa aina zote mbili. Kwa hivyo daktari anatafuta weupe mahali palipostahili kuwa peusi.

Kano: maswali manne

Karatasi ya ripoti ikija, muulizeni daktari maswali haya manne, kwa mpangilio huu.

1. Limechoka, limechanika nusu, au limekatika lote?

Kano lililochoka linaonekana limevimba na lina rangi ya kijivu badala ya nyeusi. Hilo ni kama kamba iliyoanza kufumuka nyuzi; bado inafunga. Lililochanika nusu lina weupe wa maji upande mmoja tu, wa chini, wa juu au katikati. Lililokatika lote lina weupe unaopita kutoka chini hadi juu, maji ya ndani ya kiungo yakiungana na yale ya kifuko kilicho juu ya kano.

Hapa tahadhari. "Kukatika lote" maana yake ni kwamba tundu limepita upande wa pili. Si lazima kano zima liwe limeachana na mfupa. Leso ikitoboka tundu dogo, tundu limepita, lakini leso bado ni leso.

2. Pengo ni kubwa kiasi gani?

Madaktari wengi hupima hivi: chini ya sentimita 1 ni dogo, 1 hadi 3 ni la kadiri, 3 hadi 5 ni kubwa, zaidi ya 5 ni kubwa mno.

3. Ncha imerudi nyuma kiasi gani?

Ukikata kamba iliyovutwa, ncha inaruka. Kano nalo likikatika linavutwa na msuli wake kuelekea shingoni. Likirudi nyuma sana na kukaa huko muda mrefu, kulivuta tena hadi kwenye mfupa ni kazi ngumu.

4. Msuli bado ni nyama, au umekuwa mafuta?

Swali hili ndilo watu husahau, na ndilo lililoamua kisa cha yule fundi. Msuli usiovuta kitu hukonda, na nafasi yake huingiwa na mafuta. Kwenye picha ya T1 mafuta yanaonekana kama mistari meupe ndani ya nyama. Tangu mwaka 1994 madaktari hutumia kipimo cha daktari Mfaransa aitwaye Goutallier, kutoka 0 hadi 4. 0 ni nyama tupu. 1 ni mistari michache. 2 ni mafuta mengi lakini nyama bado ni nyingi zaidi. 3 ni nusu kwa nusu. 4 ni mafuta kuzidi nyama. Ikifika 3 au 4, kushona mara nyingi hakuleti faida inayotarajiwa, kwa sababu hata kano likishonwa msuli wenyewe hauna nguvu ya kulivuta, na mafuta hayo kwa kawaida hayarudi kuwa nyama. Linganisha na kufunga kamba mpya kwa ng'ombe aliyekwisha kufa.

Ngata: imechanika wapi?

Kwa ngata swali kubwa ni mahali, na historia ya mgonjwa.

Ikichanika mbele upande wa chini, kwa kawaida ni kwa sababu bega limewahi kuteguka. Daktari Bankart wa Uingereza aliandika juu ya jeraha hili mwaka 1923, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Mara nyingi huandamana na shimo dogo nyuma ya kichwa cha mfupa, mahali kilipogonga ukingo wa kisahani; Hill na Sachs wa Marekani walilieleza mwaka 1940. Ukiona majina hayo kwenye karatasi usidhani ni majina ya magonjwa mageni. Maana yake ni: bega hili limewahi kutoka mahali pake. Kijana wa chini ya miaka 25 ambaye bega lake limetoka akicheza mpira au akianguka na bodaboda yumo katika hatari kubwa ya kuteguka tena na tena. Huyo anastahili kuonwa na daktari wa mifupa, asingoje litoke mara ya kumi.

Ikichanika juu, pale kano la tano linaposhika, inaitwa SLAP. Jina hili lilianza kutumika mwaka 1990. Hii huwapata wanaorusha vitu kwa nguvu, wanaoanguka wakiwa wamenyosha mkono, na watu wa makamo kwa kuchakaa tu.

Ngata ni ngumu kusoma kuliko kano. Watu wengine wamezaliwa na tundu la kawaida kati ya ngata na mfupa, juu upande wa mbele. Wengine hawana ngata kabisa sehemu hiyo, na wana kamba nene badala yake. Hao si wagonjwa. Msoma picha asiyekuwa mwangalifu ataandika "imechanika". Kano pia lina mtego wake: likilala kwa pembe ya digrii kama 55 na sumaku, linaonekana jeupe kwenye picha nyingine hata likiwa zima. Ndiyo maana daktari hukagua kwenye T2 kabla ya kusema neno.

Ili ngata ionekane vizuri, wakati mwingine dawa ya rangi hudungwa ndani ya kiungo kwanza, ikaingia kwenye ufa kama kuna ufa. Gharama inaongezeka, kwa hivyo ulizeni kama inahitajika kweli.

Kuchanika si lazima kuwe ndiko kunakouma

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo lingemsaidia yule mama.

Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za mabega ya watu 96 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Watu wazima tu, wanaoendelea na kazi zao. Kwa wale waliopita miaka 60, 54 kati ya kila 100 walikuwa na kano lililochanika, nusu au lote. Hawakujua! Mwaka 2016 utafiti mwingine uliwaangalia watu 53 wa miaka 45 hadi 60 wasio na maumivu. Wasoma picha wawili walisema zaidi ya nusu yao wana ngata iliyochanika upande wa juu. Mmoja alihesabu 55 kwa 100, mwenzake 72 kwa 100. Oneni pia hapo: macho mawili, picha zile zile, hesabu tofauti.

Kwa hivyo kwa mtu wa makamo, kuchanika mara nyingi ni kama mvi za bega. Picha inaonyesha mvi. Haisemi kama mvi ndizo zinazouma.

Na matibabu je? Mwaka 2013 kundi la madaktari wa Marekani lilieleza habari za wagonjwa 452 ambao kano lao lilikuwa limekatika lote lakini bila kuanguka. Walipewa mazoezi ya fiziotherapia kwanza. Baada ya miaka miwili, chini ya robo yao walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Huko Norwe, mwaka 2017, wagonjwa 118 wenye SLAP waligawanywa: wengine walishonwa ngata, wengine wakahamishiwa kano la tano mahali pengine, wengine wakapasuliwa ngozi bila kushonwa kitu ndani. Makundi yote matatu yaliendelea sawasawa. Si kwamba upasuaji haufai. Unafaa kwa mtu anayeuhitaji. Kazi yetu ni kumjua huyo mtu.

Nani aharakishe, nani angoje?

Aende hospitali upesi, na picha isicheleweshwe:

– aliyeanguka au kuvutwa mkono kwa nguvu, na tangu hapo hawezi kuinua mkono mwenyewe, hata kama eksirei ni safi. Wiki zinahesabiwa hapa, si miaka;
– kijana ambaye bega limeteguka;
– mtu wa zaidi ya miaka 40 ambaye bega liliteguka likarudishwa, lakini mkono haupandi. Umri huo kano huchanika pamoja na kuteguka.

Asingoje hata siku moja, wala asifikirie MRI kwanza: mwenye bega lenye joto na uvimbe pamoja na homa, na mwenye maumivu ya bega yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi. Huyo wa mwisho huenda ni moyo.

Anaweza kuanza na mazoezi kwanza: mwenye maumivu yaliyokuja pole pole, bila kuanguka, na ambaye bado anaweza kuinua mkono ingawa unauma.

Kuna kipimo rahisi ambacho muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya bure. Mgonjwa anajaribu kuinua mkono mwenyewe. Ukishindikana, muuguzi anamwinulia pole pole. Mkono ukipanda ukiinuliwa na mwingine lakini mwenyewe hawezi, shuku kano, au neva. Ukikataa hata ukiinuliwa na mwingine, huenda bega limeganda, au kiungo kimechakaa. Bega la kuganda huwapata sana watu wa miaka 40 hadi 60, na hasa wenye ugonjwa wa sukari. Kupima sukari ni bei ndogo sana ukilinganisha na MRI. Na maumivu yakishuka hadi vidoleni pamoja na ganzi, huenda yanatoka shingoni, na picha ya bega haitaonyesha kitu.

Mazoezi yenyewe

Kwa yule wa kuanza na mazoezi, haya yanafanyika nyumbani, mara mbili kwa siku. Ni vizuri mtaalamu amwonyeshe mara ya kwanza.

– Inama, shika meza kwa mkono mzima, uache mkono mgonjwa uning'inie na kubembea kama ndoo kisimani. Dakika mbili.
– Lala chali, shika fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima usaidie ule mgonjwa kupanda juu ya kichwa. Mara kumi.
– Simama mbele ya ukuta, tembeza vidole ukutani kupanda juu. Weka alama ya mkaa pale ulipofika, kesho uipite kidogo.

Maumivu madogo wakati wa mazoezi yanaruhusiwa. Yakidumu mpaka asubuhi, umezidisha, punguza. Endelea wiki 12 kabla ya kusema hayafai. Ubebaji wa mizigo mizito upunguzwe kwa muda huo, na hapo ndipo majirani wanapoweza kusaidia kuchota maji. Lakini usifunge mkono. Aliyeanguka juzi au kuteguka asianze mazoezi haya kabla ya kuonwa na daktari.

Kabla ya kulipa

Muulizeni daktari swali hili moja: "Picha ikionyesha hivi au vile, matibabu yatabadilika?" Kama jibu ni kwamba mazoezi yataendelea yale yale, picha inaweza kungoja. Ulizeni pia kama altrasaundi inatosha. Kwa kano lililokatika lote, altrasaundi mikononi mwa mtu aliyezoea inaona karibu sawa na MRI, tena kwa bei nafuu. Kwa ngata haifai. Ulizeni ofisi ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kama itagharamia na kama ni lazima mpate idhini kwanza.

Picha ikishapigwa, mchukue picha zenyewe, si karatasi tu. Mziweke mahali pakavu. Daktari wa pili asiye na picha atawarudisha kulipa upya.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nani kati yetu mwenye bega linalouma? Lilianza kwa kuanguka, au pole pole?
2. Mkono wa mwenzetu ukishindwa kupanda baada ya ajali, tutamfikisha kwa daktari wa mifupa ndani ya siku ngapi, na pesa zitatoka wapi?
3. Ni nani anayebeba maji na kuni kuliko wote nyumbani mwetu? Tunaweza kumpunguziaje?

Yule mama wa miaka 58 alianza mazoezi, na baada ya miezi mingi akaweza tena kujifunga kitambaa kichwani mwenyewe. Yule fundi sasa anafundisha vijana kazi, kwa maana jiwe hawezi kuinua. Alituomba jambo moja tu, kwamba habari yake isomwe kwenye vikundi. Basi isomeni, na msiiache hapo mezani.